Chekeche la Linganya

Jinsi nilivyofika Linganya ni habari ndefu yenye vumbi jingi, na msomaji hatapungukiwa na kitu akiikosa. Inatosha ajue kwamba nilifika na mkoba mmoja, na kwamba ndani ya mkoba ule, chini kabisa ya nguo, palikuwa na karatasi niliyoiogopa kuliko nyoka.

Jina langu ni Mbaruku. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mkaguzi wa hati za ujenzi kwetu. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati, kuisoma, kisha kuipiga muhuri. Nikisema kweli, ile sehemu ya kusoma niliiacha mwaka wa pili. Hati zilikuwa nyingi, na wenye hati walikuwa watu wa haraka wenye majina makubwa. Nilipiga muhuri asubuhi, nikapiga jioni, nikasifiwa kwa wepesi wa mkono. Mojawapo ya hati hizo ilikuwa ya Daraja la Mto Mvujo. Daraja lile lilisimama masika mawili. Masika ya tatu likaenda na maji, pamoja na watu kumi na mmoja. Tume iliundwa, ikakaa, ikanywa chai, ikagundua kwamba mvua ilikuwa kubwa. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja, na hilo ndilo lililonitoa usingizi. Nilijiuzulu, nikachukua nakala ya hati, nikaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma kila karatasi inayopita mkononi mwangu, hata ile ya kufungia sabuni. Lakini ile ya daraja nilikuwa sijathubutu kuifungua.

Sasa tuje Linganya.

Watu wa nchi ile ni wajenzi, na hawajengi kitu bila hati ya mipangilio. Hati yenyewe ni kadi ngumu yenye mistari. Kushoto huandikwa jina la kitu, kulia huandikwa kipimo chake. Upana wa ukuta, dhiraa mbili. Milango, minne. Paa, vigae. Kadi hiyo hupelekwa karakana, na mafundi wa karakana hutekeleza kilichoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Hawakisii. Hawasemi "bila shaka alimaanisha hivi." Mtu akiandika upuuzi, watamjengea upuuzi ulionyooka, wenye kona safi, tena kwa wakati.

Kwa sababu hiyo, kati ya mji na karakana wameweka nyumba ya mawe iitwayo Chekeche. Ndani yake mna mtambo unaoendeshwa na maji ya mfereji, wenye meno ya shaba yasiyohesabika. Unatumbukiza kadi yako kwenye tundu. Meno yanaipapasa mstari kwa mstari, na kabla hujamaliza kukohoa linadondoka kokoto moja kwenye bakuli. Likiwa jeupe, hati yako ni nzima. Likiwa jekundu, kadi inarudishwa pamoja na ukanda wa karatasi unaosema mstari gani una kasoro na kasoro ni ipi. Mlango wa karakana hauna ufunguo mwingine ila kokoto jeupe. Hata ubadilishe neno moja tu katika hati uliyoipitisha jana, leo unarudi Chekeche, unaanza upya.

Mimi, mtu wa muhuri, niliona ni matusi.

"Na mkaguzi yuko wapi?" nilimwuliza msimamizi wa nyumba ile, mzee mwembamba aitwaye Bwana Ngwali, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mafuta meno ya shaba na kuuliza swali moja nitakalolieleza baadaye.

"Mkaguzi wa nini?"

"Wa kukagua. Mtu mwenye dhamana. Mwenye muhuri."

Bwana Ngwali alifikiri kwa heshima. "Huyo mtu wenu," akasema, "huwa hachoki?"

"Huchoka."

"Hana shemeji?"

"Anao."

"Basi sisi hatukumpata wa namna yake asiyechoka wala kuwa na shemeji, ndiyo tukatengeneza huyu wa shaba." Akarudi kwenye mafuta yake. Nilichukia kidogo, maana shemeji yangu ndiye aliyeniletea hati za nusu ya barabara za wilaya yetu.

Siku ya pili nilishuhudia jambo ambalo kwetu lingeangusha serikali. Alikuja waziri wao mmoja, mtu mnene wa kupendeza, na hati ya ukumbi wa kupokelea wageni. Alitumbukiza kadi mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Ndiyo, mawaziri hupanga foleni, na huyu alikuwa nyuma ya mama mwenye hati ya banda la kuku. Kokoto likadondoka jekundu. Waziri akasoma ukanda kwa sauti, maana sheria yao inataka usome kwa sauti: "Mstari wa nne. Viti: 'vingi'. Vingi si hesabu."

"Ngwali," akasema waziri, "unajua mimi ni nani?"

"Mimi nakujua vizuri sana, Mheshimiwa. Chekeche ndilo halikujui." Kisha akauliza lile swali lake, ambalo humwuliza kila aliyepata jekundu, awe waziri au mwenye kuku, kwa sauti ileile isiyo na kejeli: "Utairekebisha lini?"

"Sasa hivi," akajibu waziri, akakaa kwenye benchi akaandika mia mbili. Mama wa kuku alimwazima kalamu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyefukuzwa kazi, na ukumbi ulianza kujengwa mchana uleule. Nilihisi wivu, na sioni aibu kuusema.

Lakini kilichonishika zaidi ni ukuta. Ukuta mrefu wa Chekeche umeandikwa kanuni zote ambazo meno ya shaba huzifuata, na kila kanuni ina jina la mtu. Nilidhani ni majina ya wataalamu waliozitunga. Bwana Ngwali akanisahihisha. Ni majina ya waliokosea. Kila kanuni ilizaliwa siku mtu fulani alipopitisha hati mbovu ikaleta hasara, na nchi ikaamua kosa lile lisirudiwe tena na mtu yeyote. Aliyekosea huja hadharani na kadi yake, husema "Nilikosea", kanuni hufungwa katika mtambo, na jina lake huchorwa ukutani. Baadaye hupikiwa pilau.

Kwa hiyo ipo Kanuni ya Mwinyihaji: milango isiwe sifuri. Bwana huyo alisahau kujaza, akaweka sifuri ili asiache wazi, na mafundi wakamjengea ghala zuri ajabu lisiloingilika. Bado yu hai, na kila nyumba anayokwenda hukaribishwa kwa maneno, "Karibu, mlango upo." Ipo Kanuni ya Bi Tunu: joto la tanuri lisizidi kiasi fulani. Aliongeza sifuri moja, na mikate ya siku ile ilipatikana mtaa wa tatu. Ipo kanuni ya mtu aliyeandika mstari mmoja mara mbili kwa vipimo viwili tofauti. Ipo ya aliyeandika jina la kitu kisichojulikana, mafundi wakaliruka kimya kimya. Na chini kabisa ipo ya zamani kuliko zote, isemayo kwamba kila mstari wa lazima sharti ujazwe. Jina la mwenye hiyo limesuguliwa na mikono ya watoto wa shule hata halisomeki, ila watu wanajua ni fundi wa daraja.

Niliposikia neno daraja nilitoka nje nikanunua muhogo wa kuchoma nisioutaka.

Msomaji asidhani watu wale ni malaika. Wana baraza la kujadili kanuni, na baraza hilo lina pande mbili zisizoamkiana vizuri. Wakazaji wanataka kanuni ziongezwe kila wiki. Mmoja wao alisimama mbele yangu akapendekeza Chekeche lipime hata rangi ya wino. Walegezaji wanasema kanuni zikizidi, mtu atashindwa kujenga hata choo. Huko nyuma Chekeche lilikuwa likikataa bila kueleza. Lilidondosha jekundu, basi, na mtu alikwenda nyumbani kubahatisha. Mjadala wa kama lieleze ama lisieleze ulidumu siku arobaini, mpaka bibi mmoja muuza mboga aliposimama akasema kwamba hata mwanawe hamkatalii kitu bila kumwambia sababu, sembuse jiwe kumkatalia mtu mzima. Likapitishwa siku ile. Tangu hapo, kukataa bila kueleza huhesabiwa huko kuwa ukosefu wa adabu. Nilifikiria madirisha yote niliyowahi kuyafunga usoni mwa watu nikiwa nimesema "rudi kesho" tu.

Kwa majuma matatu nilikuwa mtu wa kusifu. Kisha nikakutana na Fundi Siwema.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye vidole vya wino na kicheko cha karibu. Alikuwa mpangaji mwenzangu katika nyumba niliyofikia. Alikuwa ameandika hati ya kuendeshea malango mapya ya Bwawa la Kiale, yaliyokwisha kusimamishwa, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule. Bwawa likijaa, malango hujifungua yenyewe na maji kuteremka Bondeni, ambako kuna kaya mia tisa na mto wanaoogea na kufulia. Ili watu wapande juu kabla maji hayajafika, pamejengwa kengele kubwa Bondeni, nayo hulia yenyewe malango yanapoanza kufunguka. Mama yake Siwema alikuwa mmoja wa wafuaji wa mto ule. "Mama yangu hasikii la mtu," alinieleza, "ila kengele ataisikia. Nimeipima mwenyewe miezi minne."

Hati ile ilikuwa na mistari arobaini na miwili. Asubuhi alipoitumbukiza nilikuwapo. Kokoto likadondoka jeupe mara ya kwanza, jambo la nadra kwa hati ndefu vile, na foleni nzima ikampigia makofi. Alilibusu lile kokoto. Kadi ikapelekwa bwawani, ikafungwa kwenye malango, na kwa desturi yao mwandishi akabaki na nakala ya kutundika nyumbani.

Mchana tulikaa barazani tunakula. Nakala ilikuwa mezani kando ya sahani ya ndizi, nami kwa ule ugonjwa wangu wa kusoma nikaivuta. Sikuwa natafuta kosa. Nilisoma kama ninavyosoma karatasi za sabuni. Nilipofika mstari wa thelathini na moja nikauliza, kwa ugeni tu:

"Bi Siwema, hapa kwenye kengele umeandika 'mazoezi'. Maana yake nini?"

"Kengele ina namna mbili," akasema, akimenya ndizi. "Ikiwekwa 'mazoezi' inalia ndani ya karakana tu, ili tukiipima tusiwashtue watu wa Bondeni. Ikiwekwa 'bondeni' ndipo inalia kule."

"Na sasa mmemaliza kupima?"

"Tumemaliza zamani."

Ndizi ikabaki nusu mkononi mwake. Nikamwona anatazama mstari ule, kisha anatazama kokoto jeupe alilolivaa shingoni kwa uzi, kisha anarudi kwenye mstari. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Lakini neno limepita."

"Ndiyo, limepita. Lakini ni kweli?"

"Mzee Mbaruku, limepita Chekeche. 'Mazoezi' ni neno linalokubalika katika mstari huo. Lingekuwa na kasoro lingekataliwa." Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Labda nilimaanisha kitu. Labda karakana wana utaratibu wao. Jeupe ni jeupe."

Nilimtazama usoni na nikaufahamu uso ule. Niliuvaa mwenyewe kwa miaka kumi na tisa. Ni uso wa mtu ambaye kitu kingine kimeshaamua kwa niaba yake, na macho yake yamekwenda likizo. Mimi niliupata kwa muhuri usiosoma chochote. Yeye aliupata kwa mtambo unaosoma karibu kila kitu, tena kwa uaminifu, hata watu wake wakasahau lile "karibu". Hao ndio watu pekee duniani ambao wangeweza kukosea hivyo, na ilinisikitisha kwa sababu walikuwa wazuri.

Nikaingia chumbani nikapekua mkoba mpaka chini. Nilirudi na ile karatasi, nikaikunjua mezani, nikamsogezea bila kuitazama.

"Hii ni ya wapi?" akauliza.

"Ni ya daraja la kwetu. Isome."

Macho yake yaliteremka mara moja tu. Haikuchukua muda wa kumeza tonge.

"Mstari wa saba mtupu," akasema. "Kina cha nguzo hakikujazwa. Sasa walichimba kiasi gani?"

"Kiasi walichopenda."

"Na nani aliipitisha hivi?"

Nikamwonyesha muhuri, na jina lililo chini yake. Alilisoma, akaninyanyulia macho, na nikamweleza yote, tume na chai na watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa mwanangu.

"Mimi pia nilisema limepita," nikamwambia. "Nilisema hivyo hata siku ya mazishi."

Siwema alisimama. Alichukua kadi mpya kutoka sandukuni, akanakili mistari yote arobaini na miwili, akiisoma kila mmoja kwa sauti na kuniuliza, "Ni kweli?", ingawa sikujua lolote kuhusu malango. Alipofika thelathini na moja akaandika "bondeni" kwa herufi nene kuliko zilizohitajika. Kisha akakwama.

Hati inayobadilishwa huko huwa na mstari wa mwisho wa ziada: sababu. Mwandishi anaweza kuandika chochote. Wengi huandika "maboresho", na Chekeche halina neno nao. Lakini akiandika "nilikosea", kanuni mpya lazima izaliwe na jina lipande ukutani. Ndipo nilipojua kwamba pilau ile na makofi yale ni mambo ya hadharani. Majumbani watu wanaogopa ukuta kama kawaida ya binadamu. Ukoo wa Siwema ulikuwa na vizazi vinne vya waandishi wa hati na hapakuwa na jina lao hata moja ukutani. Marehemu baba yake alipenda kulitaja hilo harusini.

"Nikiandika 'maboresho'," akasema taratibu, "kengele italia vilevile."

"Italia."

"Mama atapona vilevile."

"Atapona, huyu wa kwako. Wa mwingine, kwa kosa hilihili, sijui."

Siwema alikaa na kalamu hewani muda mrefu kiasi kwamba nzi alitua kwenye ndizi akaondoka. Kisha akaandika "nilikosea", akaukausha wino kwa pumzi, na tukatoka mbio barabarani, mimi na magoti yangu ya miaka hamsini na minane nikimfuata kwa mbali.

Kokoto jeupe. Kadi ikafika bwawani kabla ya alasiri.

Kesho yake saa sita mchana, jua likiwaka mjini, mvua kubwa ilinyesha milimani ambako hakuna aliyeiona. Bwawa likajaa siku mbili kabla ya hesabu za wataalamu. Malango yakajifungua yenyewe, kama yalivyoagizwa. Tulikuwa barazani tena, na sauti ya kengele ikatufikia kutoka Bondeni, mbali, ikidunda bila kupumzika. Siwema aliweka viganja usoni. Mabega yake yalitikisika na sikujua kama anacheka au analia, hata nilipomwuliza baadaye alisema naye hakujua.

Kaya mia tisa zilipanda juu. Hakupotea mtu. Mama yake alifika jioni, mwili mzima umelowa, akiwa na hasira za kutosha watu watatu. "Doti mbili za kanga zimekwenda na maji!" alianza kabla hata ya kuamkiwa. "Zote zina sabuni! Hiyo kengele yenu haiwezi kumpa mtu nafasi ya kusuuza?" Binti yake alimkumbatia mlangoni mpaka yule mama akaanza kushuku kuna jambo. Alipoelezwa, alikaa chini kwenye mkeka, akavua kilemba, akakikamua polepole. "Basi," akasema mwishowe, "kanga nitanunua nyingine."

Siku ya kufunga kanuni mji mzima ulikuja Chekeche. Nilisimama nyuma, karibu na mlango. Kwanza Bwana Ngwali alichukua ile kadi ya awali, yenye "mazoezi", akaitumbukiza. Likadondoka jeupe, na umati ukaguna, maana kwao kuona jeupe la uongo ni kama kuona jamaa unayemwamini akisema uongo mezani. Kisha mafundi wakafunga jino jipya la shaba. Kadi ileile ikarudishwa tunduni. Jekundu. Ukanda ukasoma: "Mstari wa thelathini na moja. Hati ya kazi halisi haibebi neno la mazoezi. Kanuni ya Siwema." Ndipo wakatumbukiza kadi nzuri, kuhakikisha jino jipya halijawa kali mno likakataa na wasio na hatia. Jeupe.

"Nilikosea," Siwema akasema kwa sauti mbele ya watu wote. Akaongeza jambo lisilo katika desturi. "Tena nilipoambiwa, nilijibu kwamba limepita. Hilo halina jino la kulikamata. Naomba tuwe tunasomeana hati kabla ya kuzitumbukiza."

Wakazaji walitaka jambo hilo lipewe mtambo wake. Walegezaji walisema linapoteza wakati. Baraza likagawanyika palepale, kwa kelele, na nadhani bado linabishana. Lakini nilipotoka niliona watu wawili kwenye benchi wamebadilishana kadi na mmoja anamwuliza mwenzake, "Hii ni kweli?" Mama yake Siwema alikuwa mbele ya ukuta akimwonyesha kila apitaye jina la mwanawe. "Vizazi vinne tulikuwa hatujulikani," alisema, na pilau aliila sahani tatu.

Niliamua kurudi kwetu. Lakini kabla ya kuaga, asubuhi moja foleni ilipokuwa fupi, nilinakili hati ya Daraja la Mto Mvujo kwenye kadi ya Linganya, mstari kwa mstari, na ule wa saba nikauacha kama ulivyokuwa. Nikaitumbukiza. Nilikohoa, na kokoto likadondoka kabla kikohozi hakijaisha. Niliusoma ukanda kwa sauti kama sheria inavyotaka. "Mstari wa saba. Kina cha nguzo hakikujazwa."

Bwana Ngwali alijua habari yangu yote; Linganya ni nchi ya kuongea. Hata hivyo aliweka chini kibuyu cha mafuta, akanigeukia, akauliza kwa sauti ileile aliyomwulizia waziri na mwenye kuku:

"Utairekebisha lini?"

"Bwana Ngwali, daraja limeshaanguka."

"Wanajenga jingine?"

"Wanajenga. Walianza kuleta mawe nilipokuwa naondoka."

"Kwa hati ipi?"

Jibu nililijua. Walikuwa wanatumia hati ileile. Ilikuwa na muhuri tayari, kwa nini wahangaike na nyingine? Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku ya kuondoka, na ndiyo maana kwa muda mrefu sikuthubutu kuikunjua karatasi ile.

Bwana Ngwali hakunisukuma. Alinipa kalamu. Nilikaa kwenye benchi la wenye jekundu, Siwema akaja akakaa kando yangu, na kwa kuwa yeye alijua mito, tukahesabu pamoja. Nikaandika dhiraa kumi na nane. Akaniuliza, "Ni kweli?" Tukahesabu tena. Nikatumbukiza, likadondoka jeupe. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko ule niliokuwa nikiutumia kuuloweka muhuri kwenye wino.

Ninaandika haya nikiwa nimesharudi. Asubuhi ya kwanza nilikwenda katika ofisi yangu ya zamani. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa kijana mtanashati, mkono mwepesi, sifa zake nilikwishazisikia njiani. Niliweka hati mpya mezani. Hakuitazama. Alinyanyua muhuri, kwa adabu kabisa, maana aliambiwa niliwahi kuwa mkubwa pale.

Nikaweka mkono wangu juu ya muhuri. Nikamwambia asome kwanza mstari wa saba. Akasema hati ni nyingi leo, nirudi kesho. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia nina muda, na sikuondoa mkono mpaka aliposoma.